Dakika mbili tu: lini uvae kinga ya masikio kwa kelele ya muda mfupi

"Tisini!" kijana aliniitia kutoka upande wa pili wa karakana, tepu ikiwa bado juu ya fremu ya dirisha. Mimi nikasikia sitini. Nikakata vipande vinne vya flati kwa sentimita 60, na cha tano kilikuwa tayari mkononi alipokuja kunigusa bega. Kijana alitamka sawasawa. Kasoro ilikuwa masikioni mwangu: sauti za s na t ni nyembamba, na kelele ya vyuma huanza kula sauti nyembamba kabla ya nyingine. Mke wangu alikuwa ameshaona dalili mapema kuliko mimi. Usiku mmoja wa masika alilalamika kwamba nyenje wamezidi nje ya dirisha, nikamuuliza nyenje gani.

Sikuwahi hata siku moja kukaa kwenye kelele saa nane mfululizo. Kazi yangu ilikuwa mageti na grili za madirisha. Grainda naishika kidogo, naiweka chini, napima, nachomelea, naishika tena. Kila nilipoulizwa mbona sivai kinga, nilijibu jibu ambalo bado nalisikia karibu kila karakana ninayoingia: "Ni dakika mbili tu." Mwongozo huu unazihusu dakika hizo mbili. Nautolea mifano ya fundi chuma kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua, lakini hesabu ni ile ile kwa seremala, kwa anayeendesha mashine ya kusaga, kwa mvunja zege na kwa mtu wa chenso.

Kwanza ujue kinachoumia. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo chenye umbo la konokono, kimejaa majimaji, na ndani yake zimepangwa chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 katika kila sikio. Sauti ikiingia, vinyweleo hutikisika na ubongo hupata habari. Kelele kali huvilaza kama upepo unavyolaza mpunga. Vikipumzika, vingine husimama tena. Vikilazwa mara kwa mara, au vikilazwa kwa nguvu mno mara moja, chembe hufa, na binadamu haoteshi nyingine. Ndiyo maana kipaza sauti cha sikio humsaidia mtu asikie sauti kubwa zaidi, lakini hakimrudishii usikivu aliozaliwa nao.

Sikio lina kibaba chake cha siku. Kinajazwa na vitu viwili kwa pamoja: ukali wa kelele na muda wa kelele. Kelele ndogo hukijaza polepole kutwa nzima, kelele kali hukijaza ukiwa bado unatafuta pa kuweka chai. Hatua zifuatazo ni za kujua kibaba chako kimefika wapi, na lini usisumbuke kupima bali uvae tu.

Hatua ya 1: Je, ni mlio au ni kishindo?

Kabla ya kufikiria dakika, sikiliza sauti yenyewe ilivyo. Grainda, drili, jenereta, randa ya umeme na mashine ya kusaga hutoa mlio wa mfululizo, na huo unaweza kuupigia hesabu ya muda. Nyundo juu ya bamba la chuma, bunduki ya baruti ya kupigilia misumari kwenye zege, tairi linalopasuka likijazwa upepo, hivyo ni vishindo. Kishindo hakina dakika. Kuna misuli midogo ndani ya sikio ambayo hukaza sauti kubwa inapoingia ili kuipunguza makali, lakini huchelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kishindo kinakuwa kimeshapita.

Kanuni za Kenya za kuzuia kelele mahali pa kazi, za mwaka 2005, zinaweka kikomo cha desibeli 140 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa kilele cha sauti, wakati wowote ule. Marekani nao wanataja 140 hiyo hiyo. Simu yako haiwezi kupima kilele cha namna hiyo, maikrofoni yake inajaa kabla ya kufika huko. Kwa hiyo kipimo ninachowapa vijana ni cha mwili: sauti ikikufanya ufumbe macho au kuinua mabega bila kutaka, hiyo ni ya kuvalia kinga, hata kama unagonga mara tatu tu. Aliye karibu nawe avae pia, na umwambie kabla hujagonga. Mara nyingi anayeumia ni msaidizi aliyeshika ncha ya pili ya bamba, ameinamisha kichwa, hajui nyundo inashuka saa ngapi.

Ukishajua kwamba ni kishindo, uamuzi umekwisha. Ruka moja kwa moja hadi kwenye kuchagua kinga. Zinazofuata ni hatua za mlio wa mfululizo.

Hatua ya 2: Kadiria ukali

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. Simama na mwenzako, umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa, mashine ikiwa inafanya kazi. Zungumzeni kama mnavyozungumza mkinywa chai. Ikiwa lazima upandishe sauti ili akusikie, chukulia kelele imefika desibeli 85 au zaidi. Ikiwa unapiga kelele na bado anakuuliza "nini?", umeshapita huko mbali, na sioni haja ya kutafuta namba kamili.

Kipimo hiki kina kasoro moja kubwa: mwenye masikio yaliyoumia asiwe yeye mpimaji. Tumia vijana wawili. Na mtu akikwambia "mimi nimeshazoea", ujue sikio halizoei kelele, linapungua. Fundi mkongwe ambaye grainda haimsumbui tena ndiye wa kupelekwa kupimwa kwanza.

Ukitaka namba, simu inasaidia. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, ina programu ya bure ya kupimia kelele kwa ajili ya iPhone, na walipoijaribu ilikuwa inakosea kwa desibeli 2 tu juu au chini. Programu nyingine nyingi, hasa za simu zetu hizi za bei mbalimbali, usiziamini kiasi hicho. Zisome, kisha ongeza desibeli 5 kwa tahadhari. Shika simu usawa wa sikio, si kiunoni, na kidole kisizibe tundu la maikrofoni. Chagua kipimo cha desibeli A, ambacho kimepangwa kufuata jinsi sikio la binadamu linavyosikia. Pima mashine ikiwa inakata, si inapozunguka bure. Grainda inayozunguka hewani na grainda iliyogusa paipu ni mashine mbili tofauti.

Kama huna chochote, haya ni makadirio ya kuanzia, karibu na kichwa cha mfanyakazi. Drili ya mkono kwenye chuma huwa inacheza kwenye 90 na kitu. Grainda inayokata chuma, 95 hadi 105. Msumeno wa umeme wa duara, karibu na 100. Chenso, karibu na 110. Usikariri hizi kama Fatiha; chuma chembamba kinacholia kinaweza kukupa zaidi, na karakana yenye kuta za zege na paa la bati hurudisha kelele mara mbili.

Hatua ya 3: Pima muda wa kweli

Huu ndio muda ambao kibaba huchukua kujaa, kwa kipimo cha NIOSH, ambacho ndicho ninachokifuata:

desibeli 85: saa 8
desibeli 88: saa 4
desibeli 91: saa 2
desibeli 94: saa 1
desibeli 97: dakika 30
desibeli 100: dakika 15
desibeli 103: dakika 7 na nusu
desibeli 106: chini ya dakika 4
desibeli 109: chini ya dakika 2
desibeli 112: chini ya dakika 1
desibeli 115: chini ya nusu dakika

Tazama mwendo wake. Kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu inayoingia sikioni huwa maradufu na muda hukatwa nusu. Dakika moja ya desibeli 100 ni sawa na dakika 32 za desibeli 85. Hapo ndipo "dakika mbili tu" inapotudanganya: kichwa kinahesabu dakika, sikio linahesabu nguvu.

Mtandaoni utakutana na jedwali jingine linaloruhusu saa 2 nzima kwenye desibeli 100. Hilo ni la sheria ya Marekani, ambalo huanzia 90 kwa saa 8 na kukata muda nusu kila desibeli 5. Ni kikomo cha kisheria cha zamani, ukikivuka mwajiri ana kosa. Hakitoshi kuwa kipimo cha usalama wa sikio. Kanuni za Kenya nazo zinasema mfanyakazi asizidishiwe wastani wa 90 kwa saa 8, lakini zinamtaka mwenye eneo la kazi aanze mpango wa kudhibiti kelele inapopita 85. Mwaka 1998 NIOSH walikadiria kwamba wanaofanya kazi miaka 40 kwenye 85, asilimia 8 huishia na ulemavu wa kusikia kwa sababu ya kazi. Kwenye 90, asilimia 25. Mtu mmoja kati ya wanne! Mimi siwezi kumsomesha kijana kazi nikimwacha kwenye 90 kisa sheria inaruhusu.

Sasa muda wenyewe. Usikisie. Chukua saa ya simu, siku moja tu, na ujumlishe kila mara unapobonyeza swichi. Nilipofanya hivyo nilikuwa naapa kwamba kila geti linanila dakika mbili mbili za grainda. Kumbe kuna kukata, halafu kuondoa makali, halafu kulainisha kiungo baada ya kuchomelea, halafu kurudia pale ambapo mteja amepitisha kidole na kukunja uso. Kila "mbili" ilikuwa karibu tano.

Halafu kuna muda ambao si wako. Ukiwa umeshika tepu na penseli, jirani yako anakata. Ukiwa unakula, jenereta ya duka la pembeni inaunguruma. Sikio halijui nani ameshika swichi.

Hatua ya 4: Jumlisha siku

Hesabu hii ni rahisi na inafaa kufanywa mara moja kwa kila aina ya kazi. Kwa kila kelele, chukua dakika ulizokaa nazo, gawa kwa dakika zinazoruhusiwa. Jumlisha majibu yote. Yakifika moja kamili, yaani asilimia 100, kibaba kimejaa.

Chukua siku ya kawaida ya fundi wa mageti. Grainda ya desibeli 100, mara sita, dakika mbili kila mara: dakika 12 kati ya 15, asilimia 80. Drili ya desibeli 94, dakika 10 kati ya 60: asilimia 17. Amekaa saa 2 karibu na jenereta inayompa desibeli 88, kati ya saa 4 zinazoruhusiwa: asilimia 50. Jumla ni asilimia 147. Mtu huyu hakuna kazi hata moja aliyovuka kikomo chake. Ukimuuliza juu ya kila moja atakujibu kwa haki kabisa kwamba ni kidogo tu. Ila kibaba kimejaa na karibu nusu nyingine imemwagika, na kesho anaanza tena.

Sasa mvalishe kinga kwenye zile dakika 12 za grainda tu, kinga inayopunguza desibeli 10 za kweli. Grainda inashuka sikioni hadi 90, muda unaoruhusiwa unapanda hadi karibu saa 2 na nusu, na asilimia 80 inageuka kuwa 8. Jumla ya siku inarudi 75. Dakika kumi na mbili za kuvaa kitu kichwani ndizo zimeokoa siku nzima.

Hesabu hii inachukulia kwamba ukitoka kazini unapumzika kwenye utulivu. Anayepanda basi lenye spika chini ya kiti, au anayepiga ngoma kwenye kikundi jioni, asijipe ruhusa ya kufika 100.

Hatua ya 5: Amua kabla ya kubonyeza swichi

Baada ya miaka ya kubishana na watu, nimefikia utaratibu huu, na ndio tunaoufuata karakanani.

Kishindo kinachokushtua: vaa, daima. Mlio wa desibeli 100 na kuendelea: vaa hata kwa sekunde kumi, usihesabu. Sababu ni kwamba hapo kosa dogo la kukisia muda linakula kibaba kizima, na hakuna fundi anayejua kabla ya kuanza kama chuma kitakubali mara moja. Mlio kati ya 85 na 100: kama umeshafanya hesabu ya siku na jumla iko chini ya asilimia 50, una hiari, kama hujafanya hesabu, vaa. Chini ya 85, huhitaji kinga kwa kazi fupi. Chini ya 80, afadhali usivae, kwa sababu kinga nayo ina hatari yake, nitaieleza chini.

Utauliza kwa nini asilimia 50 na si 100. Ni uamuzi wangu, si wa kitabu. Nusu nyingine naiachia kelele ambazo hukuzihesabu.

Jambo la muda wa kuvaa lina ukali wake. Hata ukiwa na kinga isiyopitisha sauti kabisa, ukiivua dakika 30 tu kati ya saa 8 za kelele, ulinzi wako wa siku nzima hauwezi kuzidi desibeli 12. Ile nusu saa ya wazi inabeba kila kitu. Kwa hiyo anayevaa "baadaye kidogo, nikishaanza", au anayeinua kifuniko upande mmoja amsikilize mteja huku mwenzake anakata, amejipunguzia ulinzi kuliko anavyodhani. Zima mashine kwanza, ndipo uvue.

Kabla ya kinga, iue kelele

Hapa wengi huruka, na ndipo penye faida kubwa kwa gharama ndogo. Chukua bamba la milimita mbili, lilaze juu ya vyuma viwili, uligonge na ufunguo. Litalia kama kengele ya shule. Sasa weka juu yake mfuko wa mchanga, nusu tu, ugonge pale pale. Utasikia "dup", basi. Mlio ule mrefu ulikuwa ni bamba lote linatetemeka, na mchanga umelishika. Ukikata paipu, ibane kwenye jiliwa karibu kabisa na pale unapokata. Kipande kinachoning'inia mbali ndicho kinachopiga filimbi. Kipande cha mpira wa tairi chini ya kazi kinasaidia kuliko watu wanavyoamini. Jiwe la grainda lililochakaa upande mmoja, na kinga ya jiwe iliyolegea skrubu, huongeza kelele na pia huua watu kwa njia nyingine.

Jenereta isogeze. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu, kelele hushuka desibeli 6. Kutoka mita 2 hadi mita 8 umepunguza kama 12, kwa gharama ya waya. Ndani ya chumba cha zege usitegemee hivyo, kwa kuwa kuta zinairudisha. Na panga kazi: vipande vyote vya kukata vikatwe kwa pamoja asubuhi, nje, wengine wakiwa mbali, badala ya kila mtu kukata kidogo kidogo kutwa karibu na mwenzake.

Kinga gani kwa kazi fupi

Kwa kazi ya kuanza na kuacha, vifuniko vya masikio, vile vya vikombe viwili na utepe wa kichwani, vinashinda viziba vya sponji. Sababu ni mikono. Kiziba cha sponji kinahitaji vidole safi, na fundi chuma ana vidole vya grisi na vumbi la jiwe. Ukikitia na kukitoa mara sita kwa siku unajitafutia usaha. Kifuniko unakivuta kutoka shingoni kwa mkono wowote, sekunde moja. Hakikisha tu nywele, miwani yenye mikono minene au kofia haviingii kati ya mto wa kifuniko na ngozi, maana sauti hupenya kwenye upenyo huo kama maji. Dada anayevaa hijabu au mtandio kazini aidha avae kifuniko chini ya kitambaa, au atumie viziba.

Viziba vya sponji ni vizuri kwa mtu atakayekaa kwenye kelele saa nzima bila kuvua. Nawa mikono. Kisokote hadi kiwe chembamba bila mikunjo, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 kivimbe. Kujua kama kimekaa, funika masikio kwa viganja: kelele ikipungua sana ulipofunika, kiziba hakijaziba. Nimeona watu wengi sana wakitembea na viziba vinavyochungulia nje nusu nzima, vimekuwa kama hereni.

Kwenye pakiti utaona namba ya desibeli ambazo kinga inapunguza, NRR kwa bidhaa za vipimo vya Marekani, SNR kwa za Ulaya. Usiichukue nzima, kwa kuwa ilipimwa maabara kwa watu waliovalishwa vizuri. Kwa NRR, toa 7 halafu gawa kwa 2. Kifuniko kilichoandikwa 27 kitakupa kama 10. Kwa SNR toa angalau 4. Mahali penye desibeli 105 na zaidi, vaa kiziba na juu yake kifuniko, ila usijumlishe namba zao. Cha pili huongeza kama desibeli 5 tu juu ya kile chenye nguvu zaidi.

Pamba, karatasi ya chooni na ncha za sigara si kinga. Spika za masikioni za muziki nazo si kinga, tena ni mbaya zaidi, kwa kuwa ukizitumia kushindana na grainda unaongeza kelele juu ya kelele.

Ile hatari niliyoahidi: kinga iliyozidi. Kelele inayofika sikioni ikishuka chini ya desibeli 70, hutasikia lori linarudi nyuma, wala mtu anayeita "simama!" Lenga 75 hadi 80 sikioni. Kwa grainda na drili kifuniko cha kawaida kinatosha. Usinunue kile kikubwa kuliko vyote kwa sababu tu pesa ipo.

Kuhusu pesa: Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya, ile ya mwaka 2007, zote zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Kama umeajiriwa, usijinunulie kimyakimya. Omba kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha kuwa kumbukumbu.

Na mahali pa kuviweka kunaamua kama vitavaliwa. Vilipokuwa ndani ya sanduku la ofisini hakuna aliyevifuata kwa ajili ya dakika mbili. Sasa kila grainda imetundikwa msumari mmoja na kifuniko chake, kifuniko kikiwa juu. Huwezi kuichukua mashine bila kukiondoa kwanza.

Vitu vinavyopunguza kibaba chako

Kuna kemikali zinazodhuru sikio na kulifanya liwe dhaifu zaidi mbele ya kelele. Toluini, iliyomo kwenye thina nyingi, ni mojawapo. Risasi na moshi wa jenereta, ule wenye kaboni monoksidi, zimo pia. Kijana anayepiga rangi geti kwa kompresa ndani ya chumba kilichofungwa anapigwa pande mbili kwa wakati mmoja, basi mtoe nje. Dawa nazo zipo: sindano za jentamaisini na streptomaisini zinajulikana kudhuru masikio, na baadhi ya dawa za saratani. Ukiwa kwenye matibabu hayo, mwambie daktari unafanya kazi gani, na kwa kipindi hicho vaa kinga kwa kila kitu kinachokulazimu kupandisha sauti.

Baada ya kazi

Jioni jisikilize. Masikio yakivuma au kupiga mluzi, au sauti za nyumbani zikiwa kama zimefunikwa blanketi, kibaba kilimwagika siku hiyo. Asubuhi hali ikiwa imerudi, usifurahi sana. Tafuta ni kazi gani iliyofanya hivyo na urudi hatua ya 2 kwa kazi hiyo. Rudia hesabu pia kila mara mnaponunua mashine mpya, mnapohamia ndani kwa sababu ya mvua, au jirani mpya anapofungua karakana yake ukutani kwenu.

Kila anayeanza kazi apimwe usikivu kwenye hospitali yenye kipimo hicho, kisha kila mwaka, awe amekaa mbali na kelele angalau saa 14 kabla ya kipimo ili namba isidanganye. Karatasi ya kwanza itunzwe. Kelele za kazini huanza kuchimba kwenye sauti nyembamba za karibu hezi 4,000, na kwenye karatasi huonekana kama shimo, miaka kadhaa kabla mtu hajaanza kuchanganya sitini na tisini.

Lakini sikio moja likizima ghafla, iwe baada ya kishindo au umeamka nalo hivyo, hiyo si ya kusubiri ivume na kuisha. Kuna matibabu ambayo hufanya kazi zaidi yakianza mapema, ndani ya siku chache za mwanzo. Nenda siku hiyo hiyo, useme wazi kwamba umepoteza usikivu ghafla, uombe kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Ikitokea Ijumaa jioni, usingoje Jumatatu.